Ugonjwa Tuliomwandikia

Mpaka leo, ikifika Ijumaa saa kumi alasiri, mwili wangu unataka kutoka nyumbani. Naweza kuwa nimekaa nachonga mpini wa jembe, au nasoma, kisha nashtukia nimesimama natafuta baiskeli. Mke wangu amezoea. Hunitazama tu na kusema, "Kaa, baba. Hayupo." Nami nakaa. Lakini kwa kitambo kidogo huwa nasikia kile kikohozi kifupi alichokuwa akikitoa nyuma ya ua wa minyaa, ili nijue ameniona nikipanda.

Aliyekuwa akikohoa ni bibi mmoja wa jumuiya yetu, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Mimi ni katekista wa kigango cha vijijini upande wa Tinde, kwenye mashamba ya pamba na mtama. Padri hutufikia mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote naongoza mimi. Siku za kazi kanisa letu halikai kwenye jengo. Kila Alhamisi alasiri jumuiya, yaani zile nyumba zinazosali pamoja, hukusanyika kwa mmoja wetu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka zamu izunguke yote. Mtu wa mjini anaweza kuona ni sala tu. Kwetu ni zaidi. Nyumba ambayo jumuiya inaingia, kijiji kizima, Wakristo na wasio Wakristo, kinajua kwamba mwenye nyumba ile ana watu.

Nimewafundisha watoto wa Komunyo ya kwanza kwa miaka mingi kwamba kanisa ni mwili ulio hai. Huwa namwambia mmoja ajibane kidole, kisha nawauliza wenzake: nani ameumia, kidole au yeye? Wanacheka, wanajibu "yeye," na mimi naridhika. Sikuwahi kuwauliza mwili unafanyaje unapokiogopa kidole chake wenyewe.

Bibi yule alikuwa mkunga kabla zahanati haijajengwa. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mikononi mwake, akiwa amelegea, midomo imeiva rangi ya zambarau. Bibi hakungoja mtu. Alichota maji kwa kata, akayamwaga kwenye kile kichwa kidogo, akayasema maneno ya ubatizo kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeita jina la jirani, ndipo akanipa nimshike. Mtoto aliishi kwa muda wa kuchemsha sufuria moja ya maji. Nimemshukuru Mungu maisha yangu yote kwa mikono ile. Mwanangu ni wa kanisa, na aliyemwingiza ni yeye.

Alipikia samadi na miti ya pamba, kama wanawake wengi wa rika lake, na ule moshi ulikuwa umemharibu macho. Yalikuwa mekundu asubuhi mpaka jioni. Kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee si jambo dogo; watu huyasoma kama alama ya uchawi. Wapo waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho hayo na maneno ya majirani, na mimi mwenyewe nimesoma sala kwenye makaburi yao. Naliandika hili ili msomaji aelewe kwamba sote tulijua. Katika hadithi hii hakuna aliyekuwa mgeni.

Alhamisi moja tulisali kwake. Mama mmoja kijana alikuja na mtoto mchanga, na bibi, kwa mazoea yake ya zamani, akampokea akampakata sala nzima. Siku tatu baadaye mtoto yule akafariki kwa homa. Tulimzika, tukasali, hakuna aliyesema neno lolote. Lakini zamu ilipozunguka miezi ikapita ikamrudia bibi, tulikuwa tumekaa nyumbani kwa mwenyekiti wetu wa jumuiya, mwanamke anayeuza mchele na maharage barabarani Tinde, tunakunywa chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na yeye akafunua daftari lake.

"Alhamisi ijayo ni kwa bibi," akasema.

Watu walitafuna polepole. Mzee anayepiga ngoma ya kwaya alijikuna goti.

"Kwa bibi kuna kilima," akasema. "Magoti yangu hayakitaki."

"Kilima hicho kimeanza lini?" mwenyekiti akamuuliza. "Mwaka jana ulikipanda na ngoma begani, na ukashuka unaimba."

Tukacheka. Kicheko kilipokwisha, yule mama kijana akasema bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe, "Mimi siendi. Nyie salini, tutaonana kanisani Jumapili. Kwake siingii."

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mwingine akasema bibi amezeeka, kuwakokea moto watu wote hawa ni kumtesa. Mwingine akasema kweli, hata mikeka yake imechakaa, anaona aibu. Kila mmoja alikuwa anatafuta huruma ya kuificha hofu yake ndani yake, na mimi, mwalimu wao, ndiye niliyeipata iliyowatosha wote.

"Tumwandike kwenye wagonjwa," nikasema. "Mgonjwa hatembelewi kwa zamu. Mimi nitampelekea Komunyo kila Ijumaa."

Nakumbuka mabega yalivyoshuka chumba kizima. Hata yangu yalishuka. Mwenyekiti aliandika. Wakati narudi nyumbani nilimshukuru Mungu kwa kunipa neno la busara, na shukrani ile ilikuwa ya kweli. Ndiyo inayoniogopesha ninapoikumbuka sasa.

Ijumaa ya kwanza nilikwenda parokiani kuchukua Ekaristi, nikaifunga kifuani katika kifuko chake, nikafika kwake jua likiwa bado kali. Alikohoa, akatokea kwenye mwanya wa ua akijifuta mikono.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia. Kwa lugha yetu mwadila ni salamu ya alasiri, na mayu ni mama.

"Mwadila, Mwalimu. Mbona umempitisha Yesu juani mchana wote huu? Si ungengoja Jumapili nije mwenyewe?"

"Jumuiya imeona upumzike, mayu. Hata zamu ya sala tumeiruka hapa kwako kwa sasa. Na Jumapili usijichoshe. Nitakuwa nakuja mimi."

"Kwani nimechoka lini?"

"Umri, mayu."

Alinitazama kwa yale macho. Alikuwa mtu wa mzaha na nilitegemea anitanie, aniambie kwamba hata mimi mvi zimenijaa. Hakunitania.

"Kanisa ndilo limesema?"

"Ndilo."

"Basi," akasema, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, mtu aliyekuwa ametoka kuchota maji kisimani kwa kichwa chake mwenyewe, akapokea Komunyo ya wagonjwa.

Ikawa hivyo miezi minane. Kila Ijumaa nilikwenda, kila Jumapili katika maombi nililisoma jina lake pamoja na ya wagonjwa wengine, na waamini wakaitikia. Nilijizoeza kulisoma haraka. Nilipofika kwake sikukaa sana. Nilisali naye, nikamuuliza habari ya kuku, nikaondoka, na kila mara nilipogeuka kufunga ua nilimkuta amesimama ananiangalia kana kwamba kuna kitu nilisahau kusema.

Katika miezi hiyo mvua zikaja, ukafika wakati wa palizi. Bibi alikuwa na shamba lake kando ya njia ya kwenda kisimani, na alilima kama siku zote, anaanza kabla jua halijatoka, anarudi joto likipanda. Kila mtu aliyepita alimwona.

Siku moja nilipeleka mtama mashine ya kusaga. Mwenye mashine alikuwa anapakua unga huku akizungumza na vijana wawili wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. Aliponiona akacheka.

"Mwalimu, huyu mgonjwa wenu mnayemwombea ana ugonjwa gani? Analima kuliko ng'ombe wangu."

"Jumapili yuko kitandani, Jumatatu yuko na jembe," kijana mmoja akasema. "Na mimi nataka ugonjwa huo."

Nilicheka nao. Nasema hivyo kwa sababu nimelisema hivyo hivyo kwenye kitubio. Nilicheka, na kicheko changu kilikuwa bado mdomoni wakati kijana wa pili, ambaye hakuwa anacheka, aliposema, "Nguvu za kulima anazitoa wapi? Waulizeni walioanza kuumwa."

Msimu ule wa mvua homa ilikuwa imeingia nyumba nyingi, kama inavyoingia kila mwaka. Nilipokea debe langu la unga, nikalifunga kwenye baiskeli, nikaondoka. Kamba iliteleza mara mbili kabla sijaikaza.

Mimi ndiye niliyewapa maneno yale. Bila mimi, bibi angekuwa mzee anayelima, kama wazee wengi. Sasa alikuwa mgonjwa anayelima, na kanisa lilikuwa linatoa ushahidi kila Jumapili kwa sauti ya katekista.

Ijumaa mbili baadaye nilifika kwake, sikusikia kikohozi. Ua ulikuwa umefungwa kwa kamba. Nilibisha hodi, sauti ikanijibu kutoka ndani. Nilimkuta amelala kitandani, amejifunika mchana ule wa joto, jiko lina majivu ya baridi.

"Unaumwa, mayu?"

"Hilo ndilo nataka kukuuliza," akasema. Alijiinua kwa kiwiko. "Mwalimu, naumwa nini?"

Nilikaa kwenye kigoda.

"Siulizi kwa ubaya. Watu watatu walinisimamia shambani asubuhi moja. Vijana, mmoja nilimpokea mimi alipozaliwa, hakuniamkia hata. Wakaniuliza, bibi, wewe si mgonjwa? Mgonjwa gani analima? Nikakosa jibu, maana hata mimi sikuwahi kuambiwa. Basi nikaona nilale. Kama kanisa limesema ni mgonjwa, nikilala hakuna atakayeuliza."

"Umelala tangu lini?"

"Siku sita. Shamba limekwisha kuingiwa na majani."

Alisema hilo la mwisho kwa uchungu zaidi ya yote. Mikono yake juu ya shuka ilikuwa imeanza kukonda. Nilimpa Komunyo, nikamkokea moto, nikampikia uji, nikampelekea maji, na katika kufanya hayo yote sikumjibu swali lake. Nilimwambia, "Usitoke mpaka nirudi," kana kwamba alikuwa na pa kwenda.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja barabarani kwa mwenyekiti. Alikuwa anafunga magunia.

"Jumapili nitasimama niseme kwamba si mgonjwa," nikamwambia.

"Watauliza mbona mlisema mgonjwa."

"Nitasema tulimwogopa."

Aliliacha gunia. "Utasema mbele ya kijiji kizima kwamba kanisa linamwogopa bibi. Halafu wewe utakwenda nyumbani kula chakula cha mchana. Yeye atalala wapi siku hiyo?"

Nilimwambia tukimwacha kwenye orodha watamuua. Hata tukikaa kimya watamuua. Alikaa juu ya gunia lake. Ni mwanamke jasiri, na nilimwona akiwa mdogo pale, kama mimi.

"Litoe jina kimya kimya," akasema. "Usiseme lolote. Jumapili hii usilisome tu. Watasahau. Baada ya wiki mbili tatu tunaanza kwenda tena, mmoja mmoja."

Nikakubali. Mara ya pili nilichagua njia isiyonigharimu kusimama.

Sikufikiri jambo moja ambalo hata mtoto wa mafundisho angenikumbusha. Kwetu jina hutoka kwenye orodha ya wagonjwa kwa njia mbili tu. Aliyepona husimama mwenyewe mbele ya watu kutoa shukrani. Asiyesimama, amekufa.

Jumapili ile nilisoma majina, nikaliruka la bibi. Niliona vichwa viwili vitatu vikigeukiana. Nilidhani ni mambo yao. Nilikwenda nyumbani, nikala, nikajinyoosha. Kabla ya saa kumi mke wangu aliingia amevaa khanga ya msibani, uso umemvimba.

"Bibi amefariki na wewe hukuniambia?"

"Nani kasema?"

"Watu wote wanajua. Wiki nzima hajaonekana shambani, na leo hukumsoma. Wanasema unangoja mjukuu wake afike kutoka machimboni ndipo utangaze. Wanawake wamekwishaondoka na kuni."

Mimi nilikuwa nimemwona Ijumaa kwa macho yangu. Hata hivyo, kwa muda wa pumzi moja niliamini. Na katika pumzi ile sikuhisi huzuni. Nilihisi nafuu. Nilihisi kwamba limekwisha, kwamba sasa tutamzika vizuri, kwa kwaya na maua, na hakuna atakayeniuliza tena naumwa nini. Nimeishi na pumzi ile kila siku tangu hapo. Sijui mtu anaiweka wapi.

Nilipanda baiskeli. Tangu kwenye kilima nilisikia kilio cha wanawake, kile cha kuingilia msibani, kisha kikakatika ghafla.

Nilipofika, jumuiya yote ilikuwa imesimama kwenye mwanya wa ua. Kuni zilikuwa bado vichwani. Mmoja alikuwa na sinia ya unga, mwingine sufuria kubwa la msiba. Yule mama kijana aliyefiwa alikuwa na ndoo ya maji kichwani. Nyuma yao, kando ya njia, walikuwepo vijana wa sungusungu, na kijana wa kule mashineni alikuwa mmoja wao. Mbele, mlangoni kwake, bibi alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Nywele zilikuwa wazi, shuka begani.

"Nani amekufa?" alikuwa anawauliza. "Mnamlilia nani?"

Niliziona nyuso zao, na sikuwahi kuona hofu ya namna ile kanisani kwetu. Mtu aliyeliliwa alikuwa amesimama anaongea. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Turudi." Mwanamke mwenye sinia alirudi hatua moja.

Nilijua, na nadhani kila mtu pale alijua, kwamba kama wale wanawake wangegeuka na kuni zao, bibi asingeiona Jumapili nyingine. Vijana walikuwa wanangoja tu kuona kanisa litafanya nini.

Niliangusha baiskeli. Sikupanga maneno. Nilisema hajafa, hata mgonjwa hakuwa. Nilisema mimi ndiye niliyemwandika mgonjwa ili tusije kwake kusali, kwa sababu tulimwogopa, na yeye alilala kwa sababu yetu, alilala ili sisi tusionekane waongo. Nilisema pia kwamba mwanangu alibatizwa na mikono ile.

Mwenyekiti alishusha kuni zake chini. Zilianguka kwa kishindo.

"Nami niliandika," akasema. "Daftari ni langu."

Ndipo yule mama kijana akazungumza. Alimwangalia bibi moja kwa moja, ndoo kichwani, akamuuliza lile ambalo sote tulikuwa tumelifunika tangu mazishi yale.

"Mtoto wangu ulimfanya nini?"

"Nilimpakata," bibi akasema. "Alikuwa na joto jingi. Nilikwambia, mama, mtoto huyu ana homa, mpeleke zahanati leo. Ukasema kesho."

Nilitamani asingelisema. Lakini aliulizwa, akajibu, bila ukali, kama mkunga anayeeleza. Yule mama alishusha ndoo taratibu, maji yasimwagike, akaiweka kando ya ua. Kisha akageuka akaenda zake. Hakuna aliyemfuata. Mpaka leo ananiamkia vizuri, lakini jambo lile hatujaligusa, na namwombea kwa namna ambayo siwezi kuieleza kwenye karatasi.

Wengine pia waliondoka. Waliobaki hawakufika nusu. Mwenyekiti alichota maji kwenye ile ndoo, akamnywesha bibi, akamkalisha kizingitini, na wanawake wakakoka moto uani. Walipika ugali wa ule unga walioleta kwa msiba, kwa sababu haukuwepo unga mwingine. Mzee wa ngoma alifika amechelewa, akihema kwa sababu ya kilima, akatazama sufuria na kumtazama bibi.

"Nimepanda mlima huu kuja kukulilia," akamwambia, "na wewe unakula."

"Kaa ule," bibi akasema. "Utalia siku nyingine."

Tulicheka, na wapo waliolia wakicheka. Bibi alitutazama mmoja mmoja tukila. Akasema, si kwa lawama, alisema tu kama anayehesabu mvua, "Miezi minane. Leo mmekuja."

Vijana wa sungusungu walikaa njiani mpaka jua likalegea, kisha wakatawanyika. Nilimfuata mkuu wao nyumbani kwake nikamweleza yote tena. Wanawake wawili walihamia kwa bibi, wakabadilishana na wengine, na hakuna aliyemgusa. Tulimpalilia shamba. Jumapili iliyofuata aliingia kanisani kwa miguu yake, akasimama kutoa shukrani kama desturi, na nilipomsubiri aseme ameponywa nini, alisema tu, "Namshukuru Mungu," akakaa.

Lakini hakubaki nasi. Baada ya wiki tatu mjukuu wake, anayewapikia wachimbaji kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, alikuja kumchukua. Nilikwenda kumuaga, nikamwomba msamaha, safari hii kwa maneno yaliyonyooka.

"Nilikusamehe siku ile ile," akasema huku anafunga kuku miguu. "Ila hapa, Mwalimu, nikisikia hodi natetemeka. Hata yako."

Ulipita zaidi ya mwaka. Mjukuu akapiga simu: bibi amelala usingizini, hakuamka. Mimi na mwenyekiti tulipanda basi la Kahama alfajiri, tukapanda jingine, tukamalizia kwa bodaboda, tukafika kwenye mji wa mabati uliozungukwa na mashimo na vifusi vya mawe. Kanisa lao lilikuwa turubai juu ya nguzo. Kaburi walikuwa wamelichimba wachimbaji wenyewe, watu wa kutoka kila mkoa, na sijaona kaburi lililonyooshwa kuta namna ile. Kiongozi wa jumuiya yao, kijana mwenye udongo mwekundu mpaka kwenye kope, alituamkia.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Nyie ni nani kwa marehemu?"

"Ni jumuiya yake ya nyumbani," mwenyekiti akasema.

Uso wake ulifunguka. "Ndiye wewe mwalimu wa Ijumaa? Bibi alitusimulia. Alisema huko kwenu alishikwa na ugonjwa, akawa wa kulala ndani, na hamkumwacha. Kila Ijumaa Komunyo, jua au mvua. Na siku alipozidiwa jumuiya ikapanda kilima na kuni na unga, mkampikia, akainuka. Kila tukikaa kwake kusali alikuwa anatuambia, kanisa ni lile." Akawaita wenzake. "Njooni muwaone."

Walikuja, wakatushika mikono, mikono migumu yenye malengelenge, wakatushukuru. Wengi wao walikuwa vijana walio mbali na mama zao. Nilifungua kinywa. Nilikuwa tayari kusema, naamini nilikuwa tayari. Lakini nilimtazama yule kijana, na sikuweza kujua kama bibi alikuwa ametusitiri, au kama ndivyo alivyoamua kuikumbuka, au kama alitaka wale watoto wa watu wawe na kitu cha kuiga hata kama sisi hatukukifanya. Wakaleta viti viwili, wakaviweka mbele kabisa, karibu na jeneza. Tukakaa.

Kwenye basi la kurudi mwenyekiti alikaa dirishani. Tulipita Kahama.

"Ulitaka kuwaambia," akasema hatimaye.

"Nilitaka."

"Ukaacha."

"Wanasali nyumba kwa nyumba kwa sababu ya maneno yake," nikasema. "Na vilevile nilikuwa nashukuriwa. Sijui ni lipi kati ya hayo lililonifunga mdomo."

Nje malori ya Isaka yalikuwa yamepangana kando ya barabara, madereva wamelala chini ya matela. Baada ya muda alitoa mfukoni mkate tuliopewa msibani kwa ajili ya njiani, akaumega, akanipa nusu. Nilikuwa na njaa. Nikala.